Viumbe wa Old School RuneScape: Maswali Ambayo Wachezaji wa Kigoma Huuliza Mara kwa Mara

Majibu haya yametokana na mazungumzo ya wachezaji wa Mwanga, Gungu na Ujiji ambao kwa miaka kadhaa tumekuwa tukicheza Old School RuneScape kwenye simu, wengi wetu jioni baada ya kazi au masomo. Maswali yanayorudi zaidi hayahusu njia ya kupata fedha za mchezo upesi. Yanahusu viumbe: wametoka wapi, kwa nini huyu haumizwi na upanga ambao jana ulimwangusha yule, kwa nini kundi zima linakuvamia leo na kesho linakupita kama halikuoni. Nimeyajibu kwa msimamo mmoja. Katika mchezo huu asili ya kiumbe na kanuni za kupigana naye ni jambo moja, na anayeruka masimulizi ili awahi kwenye mapigano huwa ameruka pia maelekezo ya namna ya kushinda.

Mchezo huu ni upi hasa?

RuneScape ilifunguliwa tarehe 4 Januari 2001 na Andrew Gower akisaidiwa na ndugu yake Paul, na inaendeshwa na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Mchezo ulibadilika sana kadiri miaka ilivyopita, mpaka wachezaji wengi wakadai sura yake ya zamani. Ndipo tarehe 22 Februari 2013 ilipotolewa Old School, iliyojengwa juu ya nakala ya mchezo kama ulivyokuwa Agosti 2007. Toleo la simu lilikuja tarehe 30 Oktoba 2018, na hilo ndilo lililotufikia wengi wetu, kwa kuwa picha zake ni nyepesi na simu ya kawaida huzimudu.

Viumbe hawa tuwaiteje kwa Kiswahili?

Kioo cha mchezo kinaandika kwa Kiingereza, kwa hiyo majina mahsusi ya viumbe na vifaa nimeyaacha kama yalivyo ili mchezaji ayatambue akiyaona. Lakini aina za viumbe zinahitaji maneno yetu, na hapa tumebishana sana, nadhani kwa haki, kwa sababu neno likikosewa hubeba na maana isiyokusudiwa.

Wapo waliotaka kila pepo wa mchezo aitwe jini. Mimi nalikataa neno hilo. Kwa watu wa Ujiji na pwani yote, jini ni kiumbe mwenye hiari, anaweza kuwa mwema au mbaya, anaweza hata kuwa na dini. Ilhali viumbe wanaomtumikia mungu wa mchezo aitwaye Zamorak hawana nafasi hiyo. Neno pepo linafaa zaidi, nami nitalitumia humu. Vilevile kivuli cha mtu aliyekufa kinachozunguka makaburini kisiitwe mzimu. Mzimu ni roho ya mzee wa ukoo, mwenye jamaa na mahali pake, na watu humheshimu. Yule wa mchezo, anayekutokea tu na kukushambulia, ni mzuka. Binadamu mkubwa kupita kiasi ni jitu, na anayekula watu ni zimwi.

Kuhusu joka, wenzetu wamelalamika kwamba neno hilo ni ukuza wa nyoka tu, wala halina mabawa wala miguu. Ni kweli, lakini wafasiri wa maandiko walikwisha kulipa neno hilo moto, vichwa na pembe tangu zamani, na msomaji yeyote wa Kiswahili akisikia joka hafikirii chatu. Tuliache.

Tiki ni nini, na je, mtandao wa Kigoma unatosha kupigana na bosi, yaani kiumbe mkuu mwenye nguvu kupita wenzake?

Mchezo hausogei mfululizo kama maji ya mto. Unasogea kwa mapigo, na kila pigo, ambalo wachezaji huliita tiki, huchukua sekunde 0.6. Amri zote zinazoifikia seva ndani ya tiki moja hungoja, kisha hutekelezwa tiki inayofuata inapogonga. Mjeledi, mojawapo ya silaha za mchezo, hupiga kila baada ya tiki 4, yaani sekunde 2.4, na kila kiumbe naye ana hesabu yake ya namna hiyo.

Jambo hili ni neema kubwa kwa mtu aliye mbali na seva. Katika michezo ya bunduki, robo ya sekunde inatosha kukuua kabla hujamwona adui. Hapa, ikiwa amri yako inachelewa kwa milisekunde 250, bado haijafikia nusu ya tiki moja, kwa hiyo mchezaji wa Katubuka na mchezaji wa London mara nyingi hutekelezewa amri zao katika pigo lilelile. Kinachotuumiza ni mtandao unaoyumba, pale ambapo amri moja inafika mara moja na inayofuata inafika baada ya sekunde mbili. Kabla ya kuingia kwenye pambano zito, chagua seva ya Uingereza au Ujerumani kwa kulinganisha ucheleweshaji unaoonyeshwa, tembea kidogo mahali salama, na uangalie kama mhusika wako anatii kwa mwendo ulio sawa. Akitii kwa kusuasua, ahirisha.

Fahamu pia kwamba mtandao ukikatika katikati ya pigano mhusika wako hatoweki papo hapo, bali hubaki uwanjani kwa muda na kiumbe anaendelea kumpiga. Nimewahi kupoteza pambano la karibu saa nzima kwa njia hiyo. Ukifa katika maeneo mengi ya kawaida, vitu vyako hubaki kwenye jiwe la kaburi kwa dakika 15, kwa hiyo mara mtandao unaporudi usianze kulalamika kwa wenzako. Kimbia kwanza ukavichukue.

Kwa nini viumbe wengine hunivamia na wengine huniacha nipite?

Kila kiumbe mkali huilinganisha nguvu yako na yake. Ikiwa kiwango chako cha mapigano ni zaidi ya mara mbili ya kiwango chake, hakushambulii. Kiumbe wa kiwango cha 20 atamvamia mchezaji wa kiwango cha 40, lakini wa 41 atamwacha. Kwa kuwa kiwango cha juu kabisa cha mchezaji ni 126, kiumbe mkali aliyefika kiwango cha 63 hamwogopi mtu yeyote, maana hakuna mchezaji anayeweza kuzidi mara mbili yake.

Kisha kuna kanuni ya mazoea. Ukikaa katika eneo moja kwa dakika 10, viumbe wengi wa hapo hukuzoea na kuacha kukuvamia, ingawa ukiwapiga watajibu. Wazee wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sijaona kanuni ya mchezo iliyosemwa vizuri zaidi na methali. Anayetaka kuvamiwa tena, kwa mfano mtu anayefanya mazoezi bila kugusa simu kila mara, itambidi atoke mbali na eneo hilo kisha arudi, na hesabu ya dakika itaanza upya. Mabosi na baadhi ya maeneo maalumu hayafuati kanuni hii, kwa hiyo usiende kumngoja bosi akuzoee.

Kwa nini kuna viumbe ambao siwezi kuwaua bila kifaa fulani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Viumbe wengi wa aina hii wamo katika stadi iitwayo Slayer, ambayo iliingizwa mwaka 2005 na hupatikana kwa wanaolipia uanachama tu. Katika stadi hii bwana mmoja hukupangia uue idadi fulani ya viumbe wa aina moja, na wengi kati yao hawagusiki mpaka ufikie kiwango chao. Lakini kiwango peke yake hakitoshi, kwa sababu kila mmoja amebeba tabia aliyotoka nayo katika masimulizi ya kale.

Mchukue basilisk, anayehitaji kiwango cha 40. Katika hadithi za kale za Ulaya, kiumbe huyu huua kwa jicho lake, na hadithi hizohizo husema kwamba dawa yake ni kioo. Mchezo umeifuata hadithi neno kwa neno: usiposhika ngao ya kioo, jicho lake linakuumiza vibaya na stadi zako zinaporomoka moja baada ya nyingine. Nilikwenda kwake mara ya kwanza nikiwa na ngao nzuri ya chuma niliyojivunia, nikarudi bila chochote. Chuma kilikuwa kigumu vya kutosha. Nilichokosa ni habari.

Banshee, wa kiwango cha 15, ametoka Ireland, ambako ni mwanamke wa mizuka anayelia usiku kutabiri kifo cha mtu wa nyumba. Kwa hiyo silaha yake ni kilio, na kinga yako ni vifuniko vya masikio. Gargoyle, wa kiwango cha 75, ni sanamu ya jiwe kama zile zinazochongwa juu ya makanisa makubwa ya Ulaya ili zimwage maji ya mvua. Jiwe halitoki damu, na ndiyo maana huwezi kummaliza kwa upanga: unampunguza mpaka abakiwe na pointi zisizofika 9 za uhai, kisha unampasua kwa nyundo ya mawe. Aberrant spectre, wa kiwango cha 60, ni mzuka anayenuka, na dawa yake ni kibanio cha pua.

Na yupo rockslug, wa kiwango cha 20, konokono asiye na gamba mwenye mgongo wa mwamba. Huyu humalizwa kwa mfuko wa chumvi. Wenzetu wa Dar es Salaam waliwahi kuniuliza mantiki ya jambo hilo, lakini hapa Kigoma sikuhitaji kumweleza mtu. Mkoa wetu una Uvinza, ambako chumvi imechemshwa kutoka katika chemchemi za maji ya chumvi kwa karne nyingi sana, na mtoto yeyote aliyewahi kumwagia konokono chumvi anajua kwamba maji yote ya mwilini mwake hutoka. Waliotunga mchezo walitumia ujuzi wa kawaida wa bustani na kuugeuza kanuni. Anayejiuliza nini kinaua kitu kama hiki duniani, mara nyingi amekwisha kupata jibu la mchezo.

Ukifikia kiwango cha 55 katika stadi ya ufundi, na ukalipia ujuzi huo kwa pointi za Slayer, unaweza kuunganisha vifuniko vya masikio, kibanio cha pua, barakoa ya vumbi na vingine kadhaa kuwa kofia moja. Kofia hiyo haina kioo ndani yake, kwa hiyo kwa basilisk ngao bado ni lazima. Kosa hili limewagharimu watu wengi wenye uzoefu.

Je, aina ya kiumbe ina maana yoyote kihesabu, au ni masimulizi tu?

Ina maana kubwa. Mchezo huweka alama ya siri kwa viumbe: huyu ni pepo, huyu ni joka, huyu ni mfu anayetembea, huyu ni mnyonya damu. Silaha na hirizi kadhaa husoma alama hiyo. Upanga uitwao Arclight huongeza usahihi na madhara kwa asilimia 70 dhidi ya mapepo, lakini mbele ya jitu au joka ni upanga wa kawaida tu. Hirizi ya Salve hufanya kazi kwa wafu wanaotembea. Wanyonya damu wa tabaka la juu katika nchi ya mchezo iitwayo Morytania, waitwao vyrewatch, hawajali chuma chochote isipokuwa silaha zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili yao, na ukiwaendea na silaha nyingine utapiga hadi usiku bila kuona tone.

Mfano ulio bora ni Vorkath, wa kisiwa cha Ungael, ambaye kiwango chake ni 732 na uhai wake ni pointi 750. Aliingia pamoja na Dragon Slayer II, mkasa wa kuchezwa wenye hadithi yake, tarehe 4 Januari 2018. Ukisoma masimulizi unajua kwamba ni joka, tena ni joka aliyekufa akafufuliwa. Maneno hayo mawili, joka na mfu, yote yamo katika alama zake, kwa hiyo mkuki wa kuwindia majoka na hirizi ya Salve vyote viwili vinafanya kazi kwake kwa pamoja, faida juu ya faida. Mchezaji anayesoma anapata nyongeza mbili. Asiyesoma hushangaa kwa nini mwenzake mwenye kiwango kilekile anamaliza pambano mapema. Tahadhari moja: nyongeza ya Salve haijumlishwi na ile ya kofia ya Slayer, kwa hiyo ukiwa na vyote viwili usidhani umeongeza mara tatu.

Moto wa joka unazuiwa vipi, na majoka yametoka wapi?

Masimulizi ya mchezo yanasema majoka yaliumbwa na jamii ya kale iitwayo Dragonkin, nayo yalitengenezwa kama silaha. Hili linaeleza kwa nini moto wao haujali silaha ulizovaa: deraya nene kabisa haikuokoi, na pumzi moja kwa mtu asiye na kinga inaweza kumtoa pointi 50 au zaidi.

Kinga ya kwanza ni ngao maalumu anayoitoa Duke Horacio wa Lumbridge bila malipo, na inapunguza moto kwa kiasi kikubwa. Kinga ya pili ni dawa ya kunywa. Kwa majoka wakubwa wa rangi, ngao na dawa kwa pamoja huzima moto kabisa. Vorkath ana mambo yake ya ziada. Akirusha mpira wa moto juu sana, sogea angalau vigae viwili (viraba vya ardhi ya mchezo) mara moja, kwa kuwa ukisimama palepale pigo lake linafika 121, nalo linatosha kumwua mchezaji yeyote. Akikugandisha na kumtuma kiumbe mdogo akufuate, usimpige kwa silaha yako. Mtupie kisomo cha Crumble Undead, ambacho kama jina lake linavyosema kimetungwa kwa ajili ya wafu. Akimwaga tindikali, tembea bila kusimama.

Pigo langu linahesabiwaje? Kwa nini ninakosa mara nyingi hivi?

Kila unapopiga, mchezo huchukua kiwango chako cha mashambulizi na kukizidisha kwa jumla ya ubora wa silaha zako na 64. Hiyo ndiyo nguvu yako ya kulenga. Upande wa pili huhesabiwa nguvu ya kiumbe ya kujikinga kwa njia inayofanana, kisha namba mbili za bahati nasibu huchaguliwa chini ya viwango hivyo na kulinganishwa. Kama nguvu yako ni 20,000 na yake ni 10,000, utapata shabaha kama mara 75 kati ya 100. Zikiwa sawa, ni nusu kwa nusu. Yake ikiwa mara mbili ya yako, utapata mara 25 tu.

Tazama kilichomo humo: kuongeza nguvu yako mara mbili wakati tayari umemzidi kunakupa faida ndogo, lakini kuongeza ukiwa umezidiwa kunakupa faida kubwa sana. Kwa hiyo dhidi ya kiumbe dhaifu tumia silaha ya kasi au ya madhara makubwa, na dhidi ya kiumbe mwenye kinga ngumu tafuta usahihi kwanza. Usisahau pia kwamba kinga ya kiumbe hutofautiana kwa aina ya shambulizi. Anayestahimili kukatwa huenda hastahimili kupondwa, na kwa kawaida mpiganaji wa karibu hushindwa na uchawi, mchawi hushindwa na mishale, na mpiga mishale hushindwa na mpiganaji wa karibu.

Nimeua mapepo 600 na sijapata mjeledi. Je, akaunti yangu imelaaniwa?

Hapana. Pepo aitwaye abyssal demon, anayehitaji kiwango cha 85 cha Slayer, huangusha mjeledi kwa uwezekano wa 1 kati ya 512. Wengi huelewa kwamba akifika wa 512 mjeledi ni haki yao. Sivyo. Kila pepo ni bahati nasibu mpya isiyokumbuka iliyopita. Kati ya wachezaji 100 waliokwisha kuua mapepo 512, takriban 37 bado hawajauona mjeledi hata mmoja, na hata baada ya mapepo 1,536 bado watu kama 5 kati ya hao 100 watakuwa mikono mitupu. Hao watano wako miongoni mwetu, na ninawaomba wenzao wasiwaambie kwamba wanakosea namna ya kuua.

Kuna uvumi unaorudi kila mwezi kwamba kubadilisha seva, kuvua pete, au kucheza usiku wa manane huleta nyara. Mvuvi wa Kibirizi ana sababu ya kutokwenda ziwani mbalamwezi inapowaka, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga wa taa na mwezi mpevu huufifisha mwanga huo. Ujuzi wake umetokana na maji na samaki halisi. Mchezo hauna mwezi. Chunguza kwanza kama kuna njia yoyote ambayo jambo unalolifanya lingeweza kuifikia hesabu ya nyara, na kama huioni njia hiyo, usiwafundishe wageni.

TzTok-Jad anashindwa vipi?

Jad ni bosi anayengoja mwisho wa pango la mapigano. Kwanza umjue alikotoka. Ndani ya mlima wa volkano wa Karamja kuna mji wa TzHaar, watu wa mawe na moto wanaozaliwa kwa mayai yanayotunzwa katika joto la lava. Wamegawanyika katika matabaka manne: Hur ni mafundi, Ket ni walinzi, Mej ni wenye elimu ya siri, Xil ni wawindaji. Vipande vya majina hayo utavikuta pangoni pia, kama katika Tok-Xil anayekurushia miiba kutoka mbali kama mwindaji. Kuyasikiliza majina kunasaidia kukumbuka nani ni nani.

Pango lina mawimbi 63, yaani makundi ya viumbe yanayokuja moja baada ya jingine, na Jad, wa kiwango cha 702, anangoja peke yake katika wimbi la mwisho. Njiani utakutana na Tz-Kih, wanaokunyonya pointi za sala (stadi inayokupa kinga dhidi ya mapigo) kila wanapokugusa, kwa hiyo waue kwanza hata kama wanaonekana wadogo. Tz-Kek mkubwa akifa hugawanyika wawili. Ket-Zek anarusha uchawi mzito, na mbele yake sala ya kinga dhidi ya uchawi isizimwe.

Jad hupiga kila baada ya tiki 8, yaani sekunde 4.8, na pigo lake linafika 97. Hana zaidi ya mashambulizi mawili ya mbali. Akiinuka na kuining'iniza miguu ya mbele hewani, ni uchawi. Akiishusha miguu kwa kishindo ardhini, ni mawe yatakayoanguka juu yako. Kwa kila ishara badili sala ya kinga mara uionapo, wala usingoje kitu kilichorushwa kikufikie, maana utakuwa umechelewa. Simama mbali naye, kwa sababu akiwa ubavuni mwako ana pigo la tatu la karibu. Ninawashauri wenzangu wazime muziki na waache sauti za mapigano, kwani kishindo cha miguu husikika vizuri na sikio huwahi kuliko jicho linapochoka.

Uhai wake ukifika nusu hutokea waganga watano, Yt-HurKot, wanaokuja kumponya. Hapa ndipo wengi hufa, wala si kwa sababu waganga ni wakali: macho yao huwahama. Mpige kila mganga mara moja ili akufuate wewe, na baina ya kila pigo rudisha jicho kwa Jad. Umeme ukitishia kukatika kabla hujafika kwake, bonyeza kitufe cha kutoka. Mchezo utakutoa wimbi ulilomo litakapokwisha, na ukirudi utaendelea ulipoishia.

Kujificha nyuma ya mwamba na kumpiga kiumbe asiyenifikia ni udanganyifu?

Si udanganyifu. Viumbe wengi hawatafuti njia ya kuzunguka kizuizi. Huelekea moja kwa moja ulipo na kukwama. Viumbe wakubwa, wanaochukua vigae vingi, hukwama kirahisi zaidi. Udanganyifu ni kutumia programu inayocheza badala yako, na akaunti za namna hiyo hufungwa.

Mzazi ameniuliza kama mchezo huu unafundisha ushirikina. Nimjibu nini?

Mjibu kwa heshima, na usimcheke, kwa kuwa anaona kwenye kioo mapepo, mizuka na mtu anayewasha sala kwa kubonyeza kidole. Mwonyeshe mwenyewe. Mweleze kwamba miungu ya mchezo, Saradomin, Zamorak na Guthix, ni watu wa hadithi iliyotungwa, kama mazimwi ya ngano alizosimuliwa na bibi yake, na kwamba sala za humo ni stadi yenye pointi zinazokwisha na kujazwa. Mimi nilimkalisha mama yangu mdogo akaniangalia nikimwagia rockslug chumvi. Akauliza maswali mengi kuhusu chumvi na machache sana kuhusu pepo. Lakini kama baada ya kuona bado hapendi neno sala litumike hivyo, ana haki ya kusema hivyo nyumbani kwake, na mtoto amsikilize. Jambo la muda wa kucheza, hasa siku za shule, ni lake moja kwa moja.

Mimi ni mgeni na silipii uanachama. Nianze na kiumbe gani?

Anza na Count Draynor, mnyonya damu aliyelala ndani ya jeneza katika jumba la Draynor. Yeye yumo katika sehemu isiyolipiwa, na ndani yake kuna kila kitu nilichokieleza hapo juu kwa udogo. Zungumza kwanza na wanakijiji wanaomwogopa, na usome wanayoyasema badala ya kubonyeza upite. Utaelekezwa kwa Dr Harlow, mwindaji mzee anayekunywa pombe katika baa ya Varrock, na huyo ndiye atakayekupa kigingi. Tafuta nyundo. Weka kitunguu saumu mkobani, kwa maana kinamdhoofisha kabla hata hujainua upanga. Ukimfikia bila kigingi na nyundo, atajiponya kila unapokaribia kummaliza, na hakuna kiasi cha chakula kitakachokusaidia. Ukiwa navyo, pambano halichukui hata dakika mbili. Beba samaki wachache wa kula hata hivyo.